Hakuna Aliyesikia

Jioni ya pili ya matanga, chini ya turubai la bluu lililofungwa kwenye ukuta wa mawe ya volkeno, kijana aliyekuwa akigawa chai alisimama na birika mkononi akasema, "Balitumia silensie. Njo maana hakuna mutu alisikia."

Silensie, yaani kiwambo cha kuzuia sauti ya bunduki. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mzee mmoja akasema, "Kabisa." Chai ikaendelea kumiminwa.

Marehemu alikuwa mbadilisha fedha, wale wa meza ndogo na kisanduku cha kioo. Alipigwa mbele ya mlango wa uzio wake akirudi nyumbani, saa mbili na kitu usiku, risasi mbili, kwenye avenue ambayo nyumba zake za mbao zimebanana kiasi kwamba jirani akikohoa unampa pole bila kutoka kitandani.

Wiki zimepita na bado ninageuza kauli ile kichwani. Hapa Goma, mashariki mwa Congo, hatuna desturi ya kukubali jambo bila mabishano. Tunabishana kuhusu bei ya dola, kuhusu rangi ya moshi wa mlima wetu wa volkeno, Nyiragongo, kuhusu nani alifika wa kwanza kwenye foleni ya maji. Hili la silensie lilipita bila hata swali moja.

## Masikio tuliyo nayo

Hapa mtu hafundishwi sauti ya silaha. Mtoto wa shule ya msingi anatofautisha AK ya mtu mmoja anayetisha watu na kitu kizito kinacholia upande wa vilima. Tunajua lini kulala chini mbali na dirisha, na lini kuendelea kusonga bugali.

Tunajua pia kwamba usiku mtulivu hudanganya. Ardhi ikishapoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti inapinda kurudi chini badala ya kupotelea angani. Masasi ya mbali yanasikika yako nyuma ya choo. Ndiyo maana asubuhi kila kartie, kila mtaa, inadai vita vilikuwa kwake.

Kwa masikio kama haya, risasi mbili kwenye avenue ya mbao zinapoteaje?

Nikampelekea swali mzee wa parsele yetu, kiwanja tunachokaa pamoja. Alikuwa askari enzi za Mobutu, na sikio lake la kushoto halifai kitu. Anaeleza mwenyewe kwa nini la kushoto: anayelenga kwa bega la kulia anauelekezea mtutu sikio la kushoto, huku kichwa chake kikilikinga la kulia. Miaka ya mazoezi, bila kuziba masikio hata kwa pamba.

"Silensie nimeiona," akanijibu. "Kusikia, nimeisikia vilevile."

## Bomba lililokatwa

Akanipeleka kwa fundi wa pikipiki mtaa wa pili. Huko tukakuta bomba la moshi la moto, yaani pikipiki, ya taksi limelazwa juu ya jiwe, limepasuliwa kwa msumeno ubavuni, kwa sababu limeziba masizi na mwenye moto hana pesa ya kununua jipya.

Ndani hakuna maajabu. Kuna bomba jembamba lenye matundu matundu, kuna kuta za bati zinazoligawa tumbo vyumba vitatu, na kila chumba kinapitisha moshi kwenda kingine kwa njia isiyonyooka. Kila kitu kimefunikwa masizi mazito yenye mafuta. Fundi akaingiza bisibisi akakwangua, bonge jeusi likadondoka kwenye kiatu changu.

"Ni ndugu," mzee akasema, akionyesha kwa fimbo. "Silensie ya bunduki na hii ni ndugu tumbo moja."

Risasi inasukumwa na gesi ya baruti. Gesi hiyo inapotoka mdomoni mwa mtutu bado ina shinikizo kubwa na joto kali, na inalipukia hewa ya nje kwa mkupuo. Mlipuko huo ndio sehemu kubwa ya kishindo tunachokijua. Kiwambo kinachofungwa mbele ya mtutu kinaipa gesi vyumba vya kutanukia, kupoa na kuzungukazunguka kabla haijatoka. Ukifungua bia ya Primus isiyo baridi kwa pupa inapasuka. Ukilegeza kizibo polepole inafyonya tu. Bia ni ileile na gesi ni ileile, ila muda wa kutoka umeongezwa.

Hapo ndipo kazi ya kiwambo inapoishia. Na bunduki ina sauti nyingine ambazo kiwambo hakizigusi.

## Baba na mwana

Kabla ya kuzifikia, niruhusuni nichepuke, kwa sababu historia hii inapita kwenye ardhi yetu.

Hiram Stevens Maxim, Mmarekani aliyehamia London, alibuni mwaka 1884 bunduki ya kwanza iliyojijaza yenyewe kwa nguvu ya kurudi nyuma. Henry Morton Stanley alipopanda mto Congo mwaka 1887 na kukata msitu wa Ituri akimtafuta Emin Pasha, gavana wa Equatoria kusini mwa Sudan, alikuwa na Maxim moja aliyopewa na mbunifu mwenyewe. Miaka iliyofuata bunduki hiyo ilifanya kazi yake Afrika nzima, na wajukuu wa walioonja hawahitaji kusimuliwa. Maxim mwenyewe, kwa kukaa karibu na vyombo vyake, aliishia kuwa kiziwi.

Mwanawe, Hiram Percy Maxim, ndiye aliyepata hataza ya kiwambo cha sauti mwaka 1909, huko Marekani. Alikuwa mtu wa magari, na kampuni yake ikaja kutengeneza pia vizuia kelele vya injini. Kwa hiyo mzee aliposema ndugu tumbo moja pale kwa fundi, alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua.

Baba aliutia ulimwengu kelele, mwana akaja na mfuniko. Nilipomwambia mzee, alicheka mpaka akakohoa. "Na sisi batu ya katikati?"

## Kinachobaki

Sauti ya pili ni ya risasi yenyewe ikiwa njiani.

Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Risasi ya AK inatoka kwenye mtutu kwa zaidi ya mita 700 kwa sekunde, mara mbili ya hapo. Kitu kinachoipita sauti kinaburuta wimbi kali la hewa, na wimbi hilo likikufikia unasikia mpasuko mkavu: *ta!* Huo hautoki kwenye bunduki. Unatoka hewani, njia nzima ambayo risasi inapita, na hakuna bomba lolote la kufunga kwenye mtutu litakalouzuia.

Mzee alifundishwa kuutumia. Risasi ikipita juu yako unasikia mpasuko kwanza, kisha kishindo cha mtutu kinafuata nyuma. Kwa AK iliyo mita 300, pengo ni kama theluthi moja ya sekunde. Pengo likirefuka, mpigaji yuko mbali zaidi. Na kile kishindo cha pili ndicho kinachokuonyesha upande alipo.

Sasa ondoa kishindo cha pili, uache mpasuko peke yake. Sikio linaugeukia mpasuko, na mpasuko unakufikia kutoka sehemu fulani ya njia ya risasi, pengine pembeni kabisa na alipo mpigaji. Unalala chini ukiwa umetazama upande usio na mtu. Hii ndiyo faida ambayo wanajeshi wanailipia: bunduki inaendelea kusikika, ila mwenye bunduki hajulikani alipo. Mwale wa moto mdomoni mwa mtutu nao unapungua, jambo la maana usiku.

Sauti ya tatu ni chuma: nyundo kugonga, bastola kujifungua na kujifunga ikitema ganda. Kwenye silaha inayojijaza, sehemu ya gesi iliyozuiwa mbele inarudi nyuma na kumpulizia mpigaji usoni. Ukiongeza risasi inapogonga kilicho mbele yake, hiyo ni sauti ya nne, ambayo kwa heshima ya marehemu sitaieleza.

Waliotaka kweli kuua kimya walilazimika kuziondoa zote kwa pamoja. Waingereza katika Vita Kuu ya Pili walitengeneza bunduki ya De Lisle: risasi nene ya bastola, isiyofikia kasi ya sauti, kiwambo kinachofunika mtutu wote, na bolti ya kuvutwa kwa mkono ili chuma kisilie mpaka mpigaji atake. Bastola yao ya Welrod ilifuata njia hiyohiyo, na mipira iliyomo kwenye kiwambo chake ilichakaa baada ya risasi chache tu. Hizo zilikuwa silaha maalumu za watu wachache.

Rivolva, bastola ya ngoma inayozunguka, ndiyo usiseme. Kati ya ngoma yake na mtutu kuna mwanya, gesi inaponyokea hapo, na kiwambo cha mbele kinabaki pambo. Isipokuwa Nagant ya 1895, kazi ya Mbelgiji wa Liège aliyewatengenezea Warusi, ambayo ngoma yake inasogea mbele na kuufunga mwanya. Wabelgiji tena! Tukiongelea chuma hatufiki mbali bila kuwakuta.

## Hesabu ya avenue moja

Nilichukua kalamu.

Bastola ya milimita 9 bila kiwambo hutoa takriban desibeli 160 karibu na mtutu. Kiwambo kizuri hupunguza 20 hadi 35. Tuseme tunabaki na 130. Desibeli hazihesabiwi kama viazi: kila kumi unazopunguza ni nguvu ya sauti kugawanywa kwa kumi, kwa hiyo 30 ni punguzo kubwa mno, mara elfu. Hata hivyo 130 bado ni kelele inayouma. Kwa sauti za ghafla, kiwango ambacho wataalamu wa masikio wanakitaja kuwa hatari ni 140, na kiwambo kinamshusha mpigaji chini kidogo ya mstari huo. Ndiyo maana Finland na Norway wawindaji wanavifunga bila mtu kushangaa, huku Marekani ikiwa imevitoza kodi ya dola 200 tangu 1934 hadi ilipoishusha kuwa sifuri mwanzoni mwa 2026. Mwindaji wa Norway analinda sikio lake na usingizi wa jirani, na paa wake anaisikia risasi vizuri tu.

Sauti ikienda mahali wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili inapoteza kama desibeli 6. Kutoka mita 1 hadi mita 32 unaongeza mara mbili mara tano: unapoteza 30. Zinabaki 100, mita 32 kutoka kwenye lile lango. Ubao wa ukuta unakula kiasi chake, na sauti yenyewe ni fupi mno, kufumba na kufumbua. Lakini ubao si zege. Kwenye nyumba za avenue ile unasikia redio ya jirani na unajua kama ni taarifa ya habari au mahubiri.

Risasi ya kwanza, tena, huwa na sauti kubwa kuliko zinazofuata, maana ndani ya kiwambo kuna hewa safi na mabaki ya gesi yanawaka humo.

Kwa hiyo, hata kama ilikuwepo silensie, ilisikika.

Binamu yangu, ambaye simu yake haikosi video, alileta nadharia ya bunduki ya upepo. Zipo kweli zenye nguvu, na si za leo: jeshi la Austria lilipokea ya Girardoni kuanzia mwaka 1780, ikibeba risasi 20 hivi na kusukumwa na hewa iliyopampwa kwenye kitako. Katika za kisasa, zile za kujazwa hewa kutoka mtungi hutoa mlio mdomoni, na kiwambo kinazinyamazisha vizuri sana kwa sababu hakuna baruti na kirisasi kinakwenda chini ya kasi ya sauti. Zile za springi, kelele nyingi inatoka kwenye springi yenyewe na pistoni yake, ndani, karibu na shavu la mpigaji, ambako kiwambo hakifiki. Lakini bunduki ya upepo haitemi ganda la shaba, na ganda lilipatikana. Nitalifikia.

## Mvua

Mzee hakukubaliana na hesabu yangu yote. Kalamu yako, akasema, haina mvua.

Ana hoja. Mvua kubwa ya hapa ikishuka juu ya mabati, watu wawili wa meza moja wanapigiana kelele ili mmoja apate chumvi. Ongeza jenereta ya baa ya pembeni na kwaya inayofanya mazoezi. Mlio mfupi wa mita 30 unaweza kumezwa humo, na wala haukuhitaji kiwambo cha mtu yeyote.

Nikaanza kuuliza: usiku ule mvua ilikuwepo?

Majibu niliyopata ndiyo yaliyonifanya niandike. Mmoja alisema ilinyesha mpaka saa tatu. Mwingine, anayeishi milango miwili kutoka kwake, alisema ilikuwa imekatika tangu magaribi na alikuwa ameanika viatu nje. Wa tatu alisema umeme ulikuwepo, kwa hiyo jenereta ya baa haikuwashwa. Kila mtu alikuwa na usiku wake. Kwenye silensie peke yake walikuwa kitu kimoja, neno kwa neno, kana kwamba walikariri.

## Kazi inayofanywa na silensie

Nikaona kwamba kauli ile inafanya kazi mbili.

Kwanza inatufunika sisi majirani. Kama haikusikika, basi hakuna aliyezima taa, hakuna aliyemzuia mume wake asifungue mlango, hakuna aliyebaki ameshika mdomo wa mtoto. Hata familia inapata kipoozeo: hakuna ambaye angeweza kusaidia.

Pili inamkweza muuaji. Mtu mwenye silensie si mwizi wa mtaa wa Birere aliyekodi bastola. Ni mtu aliyetumwa, mwenye vifaa, mwenye watu juu yake. Na wakubwa wakishatajwa, unafungua jalada la nini? Tunanyamaza, tukiwa na sababu nzuri.

Sisemi hofu yetu ni ya uongo. Ninaishi hapa. Mimi mwenyewe, mlango ukigongwa saa nne usiku, ninauliza "nani?" nikiwa nimesimama pembeni mwa ukuta, kamwe si nyuma ya ubao wa mlango. Ila nilianza kujiuliza kama hofu inahitaji fizikia ya uongo ili iheshimiwe.

## Mama wa makala

Aliyenijibu sikumtegemea. Nilikwenda kununua makala, mkaa wa kupikia, ndoo moja, na yule mama anayeuza alikuwa akinipimia. Nilikuwa nimechoka kuuliza kuhusu mvua. Nikasema tu kwamba nimesoma, na kwamba silensie haiui sauti yote.

Akaendelea kupanga makala, kubwa chini, ndogo juu, kama wanavyofanya ili ndoo ionekane imejaa.

"Mimi nilisikia," akasema.

Mara mbili. Alidhani ni mlango wa bati umepigwa na upepo, kisha akakumbuka hakukuwa na upepo. Akazima taa. Akawaweka watoto chini ya kitanda, akakaa sakafuni ameegemea gunia.

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Nani aliniuliza? Balisema hakuna mutu alisikia. Mimi ni mutu?"

Akanidai franka zake.

## Yaya wa marehemu

Nilisita sana kumfikia yaya wa marehemu, ndugu yake mkubwa. Nilidhani kauli ya silensie ndiyo inayomshikilia, na sina ruhusa ya kumnyang'anya mtu kipoozeo chake kwa sababu ya hesabu za desibeli. Mzee ndiye aliyenisukuma. "Muulize yeye anataka nini. Usimkatie."

Yaya alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na ganda moja la shaba, alilolikuta kwenye mfereji asubuhi ileile, kabla mtu yeyote hajaja kutazama. Mzee aliligeuza kwenye mwanga wa simu: 9 kwa 19, ya bastola. Kwa hiyo si rivolva, kwa sababu rivolva inabaki na maganda yake; wala si bunduki ya upepo. Risasi ya kawaida ya aina hiyo inatoka kwa takriban mita 360 kwa sekunde, juu kidogo ya kasi ya sauti, ingawa zipo nzito zinazokwenda polepole zaidi. Nikasema basi ilipasua hewa. Mzee akapinga: kwa hatua mbili hakuna njia ndefu ya kupasua, mpasuko unamezwa na kishindo chenyewe. Tukabishana hapo, wanaume wawili wakubwa, mpaka yaya akatukatiza.

"Na silensie au bila silensie, ilisikika ao haikusikika?"

"Ilisikika," mzee akasema.

"Mpaka wapi?"

Nikamwambia kwamba kwenye usiku usio na mvua, kwa nyumba zile, avenue nzima.

Akakunja karatasi. Akatueleza jambo ambalo sikulijua: jalada limelala kwa sababu limeandikwa hakuna shahidi, na hakuna shahidi kwa sababu kila aliyehojiwa amesema silensie. Kauli niliyoihesabu kuwa kipoozeo chake ndiyo iliyomfungia mlango. Alikuwa akiisikia pale matangani na kumeza, kwa kuwa mwenye msiba habishani na wageni wanaokunywa chai yake.

Aliniomba niandike hesabu ile kwenye karatasi, kwa Kifaransa, aipeleke kwa wakili. Nimeandika ukurasa mmoja, na mzee ameongeza mistari yake mitatu kuhusu mvua, maana hataki kuonekana ameshindwa. Mpaka leo majirani wawili wamekubali kueleza walichosikia, mradi majina yao yasisomwe kwa sauti. Mama wa makala si mmoja wao, na sitamrudia kumwuliza.